Bima katika Mikataba ya Ujenzi: Maelezo kwa Makandarasi Wadogo wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini mwa Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya madarasa, zahanati, makalavati na mitaro ya mabomba inayojengwa kwa fedha za umma katika ukanda wa pwani, kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, na kuendelea Makurunge hadi Saadani, inaweza kujengwa na makandarasi wadogo. Mkandarasi wa namna hiyo aghalabu ana mashine moja ya kuchanganyia zege, lori la kukodi, mafundi wachache wa kudumu na vibarua wanaoajiriwa kazi inapopatikana. Anaposhinda zabuni hukuta katika hati ya mkataba kifungu kinachomtaka akate bima kabla ya kuanza kazi. Wapo wanaokisoma kifungu hicho baada ya kutia saini, na wapo wanaokisoma baada ya hasara kutokea.

Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia makandarasi hao, watumishi wa Serikali wanaosimamia mikataba yao, na wananchi wanaoishi jirani na kazi zinapofanyika, ili kila mmoja aelewe kinachotakiwa, sababu yake na namna ya kukitimiza.

ASILI YA SHARTI HILI

Bima ya kazi za ujenzi haikubuniwa kwa ajili ya kuwabana wadogo. Hati ya kwanza ya bima inayomkinga mkandarasi dhidi ya hatari zote za ujenzi ilitolewa Uingereza mwaka 1929, kwa ajili ya ujenzi wa daraja la Lambeth mjini London. Wazo lenyewe ni rahisi. Jengo ambalo halijakamilika ni dhaifu kuliko litakavyokuwa likiisha: ukuta haujafungwa na lenta, zege halijakomaa, shimo la msingi liko wazi. Hasara ikitokea katika hali hiyo, mkandarasi anaweza kufilisika, na mwenye kazi akabaki na magofu na fedha zake zimekwisha.

Katika Tanzania Bara, Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967, lilikuwa peke yake katika soko hadi Sheria ya Bima Na. 18 ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Zanzibar ilianzisha Shirika lake la Bima mwaka 1969. Hivi sasa biashara ya bima inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), iliyoundwa kwa Sheria ya Bima Na. 10 ya 2009, nayo inafanya kazi pande zote mbili za Muungano. Ununuzi wa umma, kwa upande wake, una sheria mbili. Bara inafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2016. Kwa hiyo mkandarasi wa Bagamoyo anayevuka kwenda kufanya kazi Unguja asidhani kwamba karatasi alizozizoea Bara zinatosha kila mahali. Hana budi kuisoma hati ya zabuni ya kule.

MAMBO MANNE YANAYOTAKIWA KUKATIWA BIMA

Masharti ya jumla ya mikataba ya kazi ndogo na za kati hutaja mambo manne ambayo mkandarasi anapaswa kuyakatia bima.

Kwanza, kazi yenyewe, pamoja na mitambo inayofungwa humo na vifaa vilivyoletwa kwenye eneo la kazi, kama saruji, nondo, mabati na mbao.

Pili, zana za mkandarasi, yaani mashine ya zege, pampu, majukwaa na kadhalika. Zana za kukodi zichunguzwe zaidi, kwani mwenye mtambo anaweza kuwa amemwachia mkodishaji dhima yote bila mkodishaji kutambua.

Tatu, mali ya watu wengine inayoweza kuharibika kutokana na kazi, kama nyumba ya jirani, uzio, bomba la maji au nguzo ya umeme.

Nne, majeraha na vifo.

Viwango vya fedha kwa kila jambo, na kiasi cha hasara ambacho mkandarasi atakibeba mwenyewe kabla kampuni ya bima haijalipa, havimo katika masharti ya jumla. Vimo katika masharti maalumu ya mkataba. Ukurasa huo ndio unaopaswa kusomwa kwanza, na mkandarasi aende nao anapokwenda kununua bima. Anayekwenda kwenye kampuni ya bima na jina la mradi tu hupewa hati ya kawaida, ambayo huenda ikakataliwa na msimamizi wa mradi kwa kuwa viwango havilingani na mkataba.

Si kila hatari ni ya mkandarasi. Vita, na kasoro zinazotokana na michoro iliyotolewa na mwenye kazi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hatari za mwajiri.

MAJINA MAWILI NA MUDA KAMILI

Mkataba huhitaji hati itolewe kwa majina ya pande mbili kwa pamoja, yaani mwajiri na mkandarasi. Kila upande una maslahi katika kazi: Halmashauri imekwisha kulipia sehemu iliyokamilika, na mkandarasi ametia fedha zake katika sehemu ambayo bado hajalipwa. Hati yenye jina la mkandarasi peke yake haitimizi sharti hili hata kama ada yake imelipwa yote.

Muda nao huwapotosha wengi. Bima inatakiwa ianze siku ya kuanza kazi na iendelee hadi mwisho wa kipindi cha matazamio, ambacho aghalabu ni miezi 6 au 12 baada ya kukabidhi, kadiri mkataba ulivyoandikwa. Mkandarasi aliyepewa miezi minne ya kujenga akakata bima ya miezi minne amekata pungufu. Vilevile, muda wa kazi ukiongezwa kwa sababu ya mvua au kuchelewa kwa malipo, bima haiongezeki yenyewe. Ni lazima kampuni iarifiwe kabla hati haijamalizika, na mabadiliko yoyote ya masharti ya bima yapate kwanza idhini ya msimamizi wa mradi.

Hati na vyeti hukabidhiwa kwa msimamizi wa mradi kabla ya siku ya kuanza. Mkandarasi asipofanya hivyo, mwajiri ana haki ya kukata bima hiyo mwenyewe na kuzikata fedha zake katika malipo ya mkandarasi. Hapo mkandarasi hulipia bima ambayo hakuichagua, kwa bei ambayo hakuijadili.

HATARI ZA PWANI NA MAMBO YANAYOACHWA NJE

Hati ya bima inaweza kubeba jina la hatari zote, lakini yapo yaliyoachwa nje. Aghalabu hailipi gharama ya kurekebisha kazi mbovu yenyewe, uchakavu, kutu, wala faini ya kuchelewesha kazi. Nondo zilizoachwa wazi kwenye upepo wa bahari hadi zikaliwa na chumvi ni hasara ya mkandarasi mwenyewe.

Hatari tatu zinastahili kuangaliwa kwa makini katika ukanda huu.

Ya kwanza ni maji. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hujaza mabonde ya Ruvu na Wami na vijito vyake. Baadhi ya hati hulipa hasara ya mafuriko pale tu mkandarasi alipochukua hadhari, kwa mfano kuacha njia za maji wazi na kutoweka saruji mahali pa chini. Kwa kazi za mabomba, baadhi ya hati huweka kikomo cha urefu wa mtaro unaoruhusiwa kuwa wazi kwa wakati mmoja. Mkandarasi aliyechimba kupita kikomo hicho, mvua ikaufukia mtaro wote, hulipwa ile sehemu iliyoruhusiwa tu.

Ya pili ni nyumba za jirani. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo zipo kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizosimama tangu karne ya 19. Kuta hizo hazipendi mtikisiko wala kuchimbiwa chini. Mara nyingi bima ya kawaida ya dhima kwa watu wengine haihusishi madhara yanayotokana na mtikisiko au na kudhoofishwa kwa ardhi inayoshikilia jengo la jirani, isipokuwa kifungu hicho kimeongezwa kwa makubaliano maalumu. Kampuni inaweza pia kutaka jengo la jirani likaguliwe, na nyufa zake ziandikwe na kupigwa picha, kabla kazi haijaanza. Jambo hili linamfaa pia jirani mwenyewe, kwani bila kumbukumbu hiyo ni vigumu kujua ufa upi ni wa zamani na upi umeletwa na kazi.

Hasara za namna hii si za kufikirika. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mkandarasi mdogo hajengi maghorofa, lakini ukuta wa darasa unaoanguka juu ya mtoto aliyekuwa akipita una uzito uleule kwa familia yake.

Ya tatu ni usafirishaji. Bima ya kazi kwa kawaida huanza kuvikinga vifaa vinapofika kwenye eneo la kazi. Mbao au saruji zinazopakiwa kwenye jahazi Bagamoyo kwenda Unguja ziko mikononi mwa bahari, na zinahitaji bima yake ya safari. Lori nalo linahitaji bima ya magari, ambayo ni ya lazima kisheria kwa madhara yanayowapata watu wengine barabarani.

VIBARUA NI WAFANYAKAZI

Kuhusu wafanyakazi wa mkandarasi, Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na ni kosa kuukata katika ujira wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na hadi asilimia 0.5 mwaka 2022. Mfuko hugharamia matibabu ya aliyeumia kazini, hulipa fidia ya ulemavu, na huwalipa wategemezi wa aliyefariki.

Makosa hutokea mkandarasi anapoorodhesha mafundi wake wa kudumu tu, akawaacha wanaobeba zege na kuchimba misingi kwa madai kwamba ni watu wa siku moja. Hao ndio walio karibu zaidi na hatari. Kijana wa Zinga anayeanguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda siku yake ya tatu kazini anahitaji hospitali sawa na fundi mkuu. Daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe na ujira wa kila mtu ndilo ushahidi wa kwanza kwamba alikuwa kazini. Daftari hilo halina gharama yoyote zaidi ya kalamu.

Pamoja na hayo, eneo la kazi linapaswa kusajiliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

HESABU YA GHARAMA

Sababu kubwa ya makandarasi wadogo kushindwa kutimiza sharti la bima ni kutoiweka katika bei. Jedwali la kazi na gharama huwa na mstari wa bima katika sehemu ya gharama za utangulizi. Anayeuacha wazi akidhani anapunguza bei huhesabiwa kuwa ameuingiza katika bei nyingine, na hatalipwa baadaye.

Chukuliwe mfano wa mkataba wa Sh. 120,000,000 wa kujenga madarasa Kerege kwa miezi minne. Kampuni ikitaka ada ya asilimia 0.4 kwa bima ya kazi pamoja na dhima kwa wengine, ada itakuwa Sh. 480,000. Mishahara na ujira ukiwa Sh. 5,000,000 kwa mwezi, jumla ni Sh. 20,000,000, na mchango wa WCF wa asilimia 0.5 ni Sh. 100,000. Jumla ya yote ni Sh. 580,000 kabla ya kodi, kiasi kisichofika nusu ya asilimia moja ya mkataba. Ada halisi hutofautiana kulingana na aina ya kazi, mahali na majira, hivyo inafaa kupata bei ya kampuni zaidi ya moja kabla ya kujaza zabuni.

Wapo wanaojaribu kupunguza ada kwa kutaja thamani ndogo ya kazi. Katika mfano huohuo, mkandarasi anakata bima ya Sh. 80,000,000 badala ya Sh. 120,000,000. Upepo unaezua paa na hasara ni Sh. 6,000,000. Hati ikiwa na kanuni ya uwiano, kampuni itahesabu theluthi mbili tu, yaani Sh. 4,000,000, kisha itoe kiasi anachobeba mkandarasi, tuseme Sh. 1,000,000, na kulipa Sh. 3,000,000. Angetaja thamani kamili angelipwa Sh. 5,000,000. Ada aliyookoa ni Sh. 160,000, na fedha alizopoteza ni Sh. 2,000,000.

DHAMANA SI BIMA

Wengi huchanganya bima na dhamana kwa kuwa zote zinaweza kutolewa na kampuni ya bima. Bima humlipa aliyepata hasara, na kampuni ikilipa mkandarasi hadaiwi. Dhamana ya utekelezaji au ya malipo ya awali ni ahadi kwa mwajiri kwamba mkandarasi akishindwa, mdhamini atalipa. Mdhamini akilipa, atarudi kwa mkandarasi kudai kila senti. Kwa sababu hiyo mtoa dhamana huomba rehani au fedha taslimu, na hapo ndipo mkandarasi mdogo asiye na nyumba yenye hati hukwama.

Kwa shida hiyo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1997, ilianzisha mwaka 2002 mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Mkandarasi aliyesajiliwa, hata wa daraja la saba, anashauriwa kuuliza masharti ya mfuko huo mapema, wala asingoje wiki ya kufunga zabuni. Malipo ya awali yakipatikana, ada ya bima nayo hupata mahali pa kutoka.

KUNUNUA NA KUHAKIKI

Bima inunuliwe kwa kampuni, dalali au wakala mwenye leseni ya TIRA, na anayetilia shaka aulize Mamlaka hiyo kabla ya kulipa. Ifahamike kuwa kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Karatasi ya makadirio si hati ya bima, na ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi si malipo. Mkandarasi akishapokea hati aisome mwenyewe, au asomewe na mtu anayeielewa lugha iliyoandikwa humo, na ahakikishe mambo sita: majina ya pande mbili, mahali pa kazi, thamani kamili ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kiasi cha hasara atakachobeba, na vifungu vya ziada alivyoviomba.

HASARA INAPOTOKEA

Kampuni iarifiwe mara moja, kwa maandishi, na msimamizi wa mradi apewe nakala. Picha zipigwe kabla ya kusafisha. Vilivyosalia vilindwe, kwa kuwa hasara inayoongezeka kwa uzembe baada ya tukio huenda isilipwe. Wizi uripotiwe Polisi. Mkandarasi asikiri dhima kwa jirani wala kuahidi malipo kabla ya kuzungumza na kampuni yake, lakini hilo halimzuii kumpeleka majeruhi hospitali. Utu hutangulia.

Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni, akiwa mkandarasi au jirani mwenye hati yake, anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009.

WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Mzigo huu si wa mkandarasi pekee. Maofisa wanaotayarisha zabuni wanapaswa kujaza viwango vya bima katika masharti maalumu kwa kuangalia ukubwa wa kazi iliyopo. Kunakili viwango vya barabara kuu katika zabuni ya kalavati moja ni kuwafungia mlango wanaostahili, na kuuacha ukurasa huo mtupu ni kuacha mgogoro uje baadaye. Msimamizi wa mradi asiruhusu kazi ianze kabla hajaiona hati na kuisoma. Pale muda wa kazi unapoongezwa, barua ya nyongeza ikumbushe kuongeza bima. Malipo yanapochelewa, ofisi ikumbuke kwamba kazi iliyosimama bila kukamilika ndiyo iliyo dhaifu zaidi mvua zinaponyesha.

Wananchi nao wana haki ya kuuliza. Mwenye nyumba anayeona msingi ukichimbwa pembeni mwa ukuta wake anaweza kwenda ofisi ya mtaa au kijiji, au kwa msimamizi wa mradi, akauliza kama bima ipo na kama nyumba yake imekaguliwa. Ni vyema swali hilo liulizwe wakati ukuta bado umesimama.

Makandarasi wote wanakumbushwa: ukurasa wa masharti maalumu usomwe kabla ya kujaza bei, mstari wa bima ujazwe, ada ilipwe, hati ikabidhiwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, na majina ya vibarua yaandikwe kila asubuhi.